Santuri Zilizooshwa

Jumapili, baada ya alasiri, kwa Pazi fundi redio,
Magomeni, nyuma ya mashine ya kusaga.
Spika mbili juu ya friji bovu.
Zimeletwa santuri tatu za mwanzo za Kimondo Jazz,
zimeoshwa, wanasema, zimetolewa kutu;
kijana mmoja wa Sinza kakesha nazo miezi saba
akichomoa mikwaruzo mmoja mmoja
kama mtu amtoaye mtoto miba ya samaki.

Tumekaa wanne kutoa hukumu.
Hakuna aliyetuomba.

Ya kwanza ilipoanza, Mshangama akanyanyua kidole:
"Besi hilo! Miaka yote lilikuwa wapi?"
Miaka yote lilikuwa chini, kama mashapo ya kahawa,
nasi tukinywa juu juu tukidhani tumemaliza kikombe.
Sasa linatembea chumbani na viatu vyake.
Lilipofika kwenye friji, sahani ya karanga ikasogea.

Kondo hakupendezwa.
Kondo hapendezwi; ndiyo kazi yake toka astaafu bandarini.
"Wameipaka maiti poda," akasema.
"Walirekodi mchana mmoja, kipaza sauti kimoja,
mpiga saksafoni kasimamishwa mlangoni asiwafunike wenzake.
Mlango uko wapi humu? Mimi nausaka mlango."

Tukarudia. Tukausaka mlango.
Mwishoni mwa wimbo wa pili kiti kikaburuzwa,
mtu akakohoa, na Mshangama akaapa
kikohozi kile ni cha marehemu kaka yake, Mwinshehe, mpiga tumba,
ambaye hawana picha yake hata moja.
Pazi akarudisha. Kikohozi.
Akarudisha. Kikohozi.
Hapo Kondo mwenyewe akavua kofia.

Ya pili nasema wazi: wameiharibu.
Gitaa la solo limepigwa pasi kama shati la ofisini.
Nakala yangu ilikuwa na jeraha ubeti wa tatu,
sindano ikifika hapo inakwama, *nami, nami, nami*,
na mtaa mzima ulijua kukwama nayo,
tukichuchumaa mara tatu ndipo tuendelee.
Sasa neno linapita zima, halina habari na sisi.
Magoti yangu yalijiandaa bure.

Lakini ni ya tatu iliyonikaba.
Wimbo wa mwisho, ule niliomposea mke wangu.
Miaka arobaini na mmoja naujua hivi:
*Rudi, Tatu, sijajibiwa.*
Nilimwambia binti wa watu, bendi nzima inakuimba,
na aliyewatuma ni mimi.
Alicheka, akanimalizia soda.

Leo mwimbaji kasimama mbele yangu na meno yote kinywani,
anatamka taratibu kama karani wa mahakama:
*hodi tatu, sijajibiwa.*
Hodi. Tatu.
Mtu yuko mlangoni, kabisha kama adabu inavyotaka,
kisha anageuka kwenda zake.
Hakuna Tatu. Hakuwahi kuimbwa.

Wenzangu walicheka hadi Pazi akaishika spika isianguke.
Umeme wa luku ukakata katikati ya kicheko;
hakuna aliyetoa hela.

Nyumbani nilimkuta anamenya vitunguu.
"Kumbe ni hodi," nikasema.
Hakuuliza hodi gani.
"Nilikuwa mbele ya jukwaa usiku wanauzindua," akasema.
"Nilimwona mdomo."
"Na ukanyamaza?"
"Ulikuwa umeshanunua soda."

Hukumu yangu, kama yuko anayeitaka:
ya kwanza nunueni, hata kwa mkopo, kwa ajili ya kikohozi.
Ya pili mwachieni kijana wa Sinza aivae kazini.
Ya tatu ni safi, safi kupita kiasi;
waliooa kwa wimbo wa mwisho
wabaki na vumbi lao.